Karani na Kangumu ya Wimbi

Karani alisema mvua na mtungi haviloweshi jani kwa njia moja. Mvua hulowesha juu. Mtungi wa mtu anayetaka gunia lizidi uzito hulowesha kila mahali, hata pale chini ambapo jani hujificha. Kwa hiyo asubuhi za mvua, kwenye kituo chetu cha kununulia majani chai, aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akavuta jani la katikati kabisa, akaligeuza. Kama mgongo wa jani ulikuwa umelowa, gunia lilirudi nyumbani na mwenyewe. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Hii mvua yako ilinyesha kutoka chini."

Hata mkewe alirudishiwa majani. Alikuwa amechuna yale makubwa magumu badala ya majani mawili na kichipukizi. Wazee wanasema mama huyo, ambaye sasa ni marehemu, aliinua gunia lake mbele ya foleni yote akamwambia, "Sawa, Karani. Leo jioni utapikiwa haya." Alipikiwa kweli. Aliyaonja kwanza kwa ncha ya ulimi, kisha akayala yote, wala hakulalamika.

Nilipoanza kumjua vizuri alikuwa ameacha kazi ya mizani zamani, lakini jina la kazi lilibaki naye. Na kazi yenyewe pia ilibaki naye. Ukimpelekea mguu wa mbuzi wakati wa Krismasi aliuliza mbuzi huyo alikuwa anaumwa nini. Ukimsalimia mara mbili siku moja alikutazama mpaka ukakumbuka kwamba kweli kuna kitu ulitaka kumwomba. Banda lake la kuku lilikuwa na kufuli kubwa, lakini mlango wa nyumba yake ulifungwa kwa kipande cha kamba. Nilimwuliza kwa nini.

"Ndani ya nyumba kuna nini?" alisema. "Vikombe. Nani ataiba kikombe cha mtu anayeishi peke yake?"

Mtu kama huyo ungefikiri hangeweza kumwazima mtu kitu. Lakini siku moja ya mvua ya mawe alivua koti lake la mvua akampa mchuma chai mmoja kutoka Kisii, mtu ambaye hakumjua hata jina. Koti halikurudi. Nilingoja amseme huyo mtu, kwa sababu watu wengine aliwasema kwa mambo madogo zaidi. Hakumsema. "Mtu anayenyeshewa," alisema, "hana nafasi ya kudanganya."

Mimi nauza vitafunio Kapkatet, kando ya barabara, karibu na watu wanaotoka hospitalini. Nilimaliza darasa la nane nikabaki nyumbani kwa Kogo, bibi yangu, na yeye ndiye alinifundisha kukaanga. Mimi si mtu wa maneno. Maneno yangu huja wakati mtu ameshaondoka. Karani alipenda hivyo. "Wewe huongei," aliniambia. "Hiyo ni nzuri." Wiki iliyofuata alisimama mbele ya ndoo yangu tena, akanitazama sana, akasema, "Wewe huongei. Unaficha nini?"

Alikuwa anakuja kwa ajili ya kangumu. Asiyeijua kangumu, ni unga wa ngano na sukari na maji kidogo sana, unakandwa mpaka mkono uchoke, unakatwa vipande, unakaangwa mpaka ukauke hata ndani. Si laini kama mandazi. Ukiivunja inalia. Karani aliivunja karibu na sikio lake, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayesikiliza mlango. Ikilia vizuri alikula. Ikilia vibaya alisema, "Hii ni ya jana," na mara nyingi ilikuwa ya jana. Wale waliofanya kazi naye kituoni walisema alikula kangumu kila siku saa nne, nyuma ya mizani, akiwa ameuangalia ukuta ili mtu asimwombe.

Kisha akaanza kukonda. Tumbo lilifura na mwili ukaisha, akawa kama shamba la chai lililokatwa, vijiti tu. Suruali aliifunga kwa kamba. Watu walianza kunong'ona mambo, maana mtu akikonda kwetu kila mmoja ana jina la ugonjwa wake. Daktari mmoja alimpima akamwambia mwili wake haupatani na ngano. Aache mkate, aache chapati, aache kangumu, na asipoacha ataendelea kuisha hivyo hivyo.

"Yule daktari ni kijana," Karani aliniambia. "Nimekula ngano kabla mama yake hajaolewa."

Akaenda Kericho kwa daktari mwingine, mzee. Naye akasema ngano. Karani alirudi amekasirika. "Wamepigiana simu," alisema.

Lakini aliacha. Mkate na chapati hazikumsumbua. Kangumu ndiyo ilimsumbua. Alikuja akasimama mbele yangu bila kununua, akanusa, akaenda, akarudi.

"We chepto," alisema, maana hivyo ndivyo alivyoniita, msichana, kama watu wengi wa rika lake. "Nitengenezee kangumu haina ngano."

"Sijui kuitengeneza, Karani."

"Ndiyo maana nakuambia wewe. Anayejua atanidanganya."

Nilianza na unga wa wimbi, yaani ulezi, peke yake. Iliingia kwenye mafuta ikiwa vipande na ikatoka ikiwa uji. Mafuta yote yalikuwa meusi, Kogo akaniuliza kama nimekaanga udongo. Nilijaribu unga wa mahindi, ukawa kama ukoko wa ugali uliokosewa. Mama Kerubo, anayeuza ndizi kando yangu na ambaye kwao ni Kisii, aliniambia, "Tia ndizi mbivu. Ndizi inashika kila kitu. Hata mume." Nilitia ndizi. Ilishika kweli, lakini ilikuwa laini. Karani aliibonyeza kwa kidole.

"Hii ni ya mtu hana meno. Mimi niko nayo."

"Meno yako tunayaona, Karani," Mama Kerubo alisema. "Ni machache lakini yana kiburi."

Niliagiza unga wa muhogo kutoka Kiptere, kule chini kwenye joto ambako muhogo unakubali. Muhogo peke yake ulitoka mgumu kama kokoto. Karani aliugonga kwenye meza ya Mama Kerubo akasema hiyo tumuuzie mtu anayejenga. Nilirudia na kurudia. Halafu siku moja nilimwaga maji yanayochemka juu ya unga wa muhogo kidogo, nikakoroga ukawa kama gundi, na ndani ya ile gundi nikakanda wimbi na muhogo mkavu. Nikasukuma nyembamba. Nikakaanga kwa moto mdogo, kisha nikarudisha mara ya pili kwenye moto mkubwa.

Niliivunja mwenyewe nikiwa peke yangu jikoni. Ililia. Nilivunja nyingine. Niliketi juu ya kigoda nikacheka, na mimi sichekagi peke yangu.

Ile kangumu ya wimbi ilinunuliwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuuza. Watu waliotoka hospitalini wameambiwa wapunguze ngano, kina mama wenye watoto wanaoumwa tumbo, hata wale wasio na ugonjwa, walikuja. Walinijua kwa jina. Mimi ambaye nilikuwa naitwa "yule msichana wa Kogo" sasa nilikuwa na kazi ambayo watu walivuka barabara kuifuata.

Karani alikula kwa furaha siku za kwanza. Kisha tumbo likarudi. Siku ya soko alikuja akiwa amejishika ubavu, akachukua kipande, akakivunja karibu na sikio, na badala ya kula akanitazama.

"Hii inalia kama ya ngano," alisema.

Nilifurahi. Nilifikiri ananisifu.

"Inalia kama ya ngano, basi ni ya ngano." Sauti yake sasa ilikuwa ile ya kituoni, ndogo, lakini watu wote walisikia. "Wimbi hailii hivi. Nimeishi na wimbi. Huyu msichana ametia ngano."

Ningekuwa mtu mwingine ningejibu. Mama Kerubo alijibu badala yangu, alisema maneno mengi, mengine ya Kikisii, lakini watu hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wananitazama mimi, na mimi nilikuwa naangalia ndoo. Mtu asiyejibu anaonekana amekubali. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alirudisha kangumu aliyokuwa ameshanunua. Aliiweka juu ya kifuniko polepole, kama kitu kinachoweza kuuma.

Kibaya zaidi ni kwamba nilikuwa nimeifanya vizuri. Kama ingekuwa mbaya, angeniamini.

Kesho yake nilienda kwake. Nilisimama nje mpaka akatoka. Nikasema, "Karani, njoo uone ninavyopika." Ilinichukua njia yote kutoka nyumbani kuyapanga hayo maneno.

Alikuja. Alianza na kinu. Kwetu kinu cha kusagia ni cha watu wote, na kila mtu anajua kwamba unga wa aliyekutangulia hubaki kidogo ndani ukatoka na wako. Hakuna anayegombana. Leo unabeba kidogo cha jirani, kesho jirani anabeba kidogo chako. Karani hakutaka kubeba cha jirani.

"Kabla yetu nani amesaga?" alimwuliza Owiti, mwenye kinu, ambaye kwao ni huko ziwani.

"Watu, mzee."

"Wamesaga nini?"

"Vitu vya kusagwa."

"Ngano?"

"Mzee wangu, mashine haiulizwi ilikula nini jana. Hata wewe sijakuuliza."

Foleni ilicheka. Mtu mmoja nyuma aliita, "Karani, ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko!" Karani hakucheka. Alimfanya Owiti azime mashine, aifungue, aipige mswaki pembe zote. Kisha akasema debe la kwanza la wimbi letu lipite liende kwa kuku wa Owiti. "Kuku wangu wanasema asante," Owiti alisema. "Karani, uje kila siku."

Nyumbani alikaa jikoni kwa Kogo tangu asubuhi. Alikagua sufuria, karai, mwiko, meza. Mafuta yalikuwa mapya, aliyafungua mwenyewe. Kogo alimtazama kwa muda.

"Wewe ulinirudishia majani miaka ile, na sasa umeingia jikoni kwangu?"

"Yalikuwa na vijiti."

"Hata wewe una vijiti sasa. Nani amekurudisha?"

Alibaki mpaka mwisho. Kangumu alizoziona zikitengenezwa kwa macho yake mawili, alizifunga mwenyewe kwenye mfuko, akaenda nazo. Nilifikiri tumemaliza.

Wiki haikuisha. Alipatikana ameketi kando ya njia, hawezi kupanda mlima wa kwenda kwake. Vijana walimpeleka hospitalini kwa pikipiki. Nilimpelekea uji. Alikuwa amelala ameangalia ukuta.

"Niliona kila kitu," alisema bila kugeuka. "Kwa hiyo ulitia wakati nilienda choo."

Nilirudi nyumbani, na shaka yake ilirudi nami kama kupe. Nilianza kumtazama Kogo. Labda alinyunyiza ngano kwenye meza ili unga usishike, kwa mazoea tu. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nikimchungulia bibi yangu mwenyewe, na yeye alikuwa anapepeta wimbi akiimba kidogo kidogo. Nilimshuku Mama Kerubo. Nilimshuku Owiti na wale kuku wake. Nilifungua mfuko wa muhogo nikaonja unga mbichi, nikatema, nikaonja tena. Karani alikuwa hospitalini, lakini ni kama alikuwa ameniachia mkono wake ule wa kuingia ndani ya magunia.

Sokoni hakuna aliyenitukana. Waliacha tu kuvuka barabara. Wengine waliniuliza kwa upole, "Na hii siku hizi ni wimbi kweli?" na mimi niliposema ndiyo, sauti yangu ilikuwa ndogo sana hata mimi sikuiamini. Kangumu zilibaki kwenye ndoo. Kogo akasema kuna shangazi yangu ameolewa Siongiroi, na huko siku ya soko la ng'ombe watu ni wengi na hawajasikia maneno ya Kapkatet. Niende nijaribu.

Wakati huo Karani alikuwa ametoka hospitalini na alikuwa na nguvu kidogo. Hakuja kwangu. Ilisemekana ameanza tena safari zake za kuangalia ng'ombe. Alikuwa na safari hizo tangu mwaka uliopita, alivaa kofia akaenda asubuhi na kurudi jioni, na hakuwahi kurudi na hata ndama. Tulisema ni kawaida yake. Ng'ombe gani angemridhisha Karani?

Shangazi alinionyesha nafasi nyuma ya zizi la mnada, kwenye mstari wa vibanda vya chai. Nilikuwa sijaweka ndoo chini nikasikia harufu ya unga wa ngano ndani ya mafuta. Nilitazama. Ndani ya kibanda cha pili mtu alikuwa amekaa ameuangalia ukuta, kofia imeshuka. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai na sahani ya kangumu, zile kubwa nyekundu za ngano. Alitafuna macho yamefungwa. Uso wake sikuwa nimewahi kuuona ukiwa umepumzika namna hiyo.

"Karani," nilisema.

Hakugeuka mpaka alipomeza.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Ni yule mwanamke wa ndizi."

"Nimekuja kuuza. Kapkatet hawanunui tena."

Aliiangalia ndoo yangu. Mwenye kibanda, mama mnene mchangamfu, alikuja na birika. "Mzee, huyu ni mjukuu? Karibu, mama, kaa. Huyu ni mzee wetu, kila siku ya soko yuko hapa. Hata juzi alikuja kama anatoka kaburini, nikamwambia kula, mzee, upate nguvu."

"Kila siku ya soko?" niliuliza.

"Hata mvua inyeshe!"

"Mama," Karani alisema, "nani amekuuliza?"

Yule mama alicheka akaenda kwa wateja wengine. Mimi nilibaki nimesimama. Karani aligusa ukingo wa sahani, akaiachilia.

"Ni moja tu," alisema.

Kwenye sahani kulikuwa na makombo ya nyingi. Hakuna mtu aliyehitaji kuyasema.

"Ulijua," nilisema.

"Kwako niliona kila kitu. Hakukuwa na ngano." Alizungumza na kikombe. "Yako ni safi. Ilikuwa safi tangu mwanzo."

"Basi kwa nini ulisimama mbele ya watu?"

Alikizungusha kikombe mezani. Nje dalali alikuwa anapiga kelele bei ya fahali.

"Kama si yako, basi ni hii," alisema. "Na kama ni hii, lazima niiache. Mke wangu alikwenda. Kazi ilikwenda. Ilibaki hii." Kisha akasema, polepole zaidi, "Lazima mmoja angekuwa na makosa. Na wewe huongei."

Niliweka ndoo chini. Maneno yangu yalikuja, na safari hii mtu alikuwa bado hajaondoka.

"Utasema Kapkatet," nilimwambia. "Siku ya soko, mahali palepale uliposimama. Utasema kwa sauti, watu wasikie."

"Watu watanicheka mpaka nife."

"Wacha wacheke."

Aliinua macho akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatafuta kitu ndani yangu. Alionekana mzee tu, shati limekuwa kubwa, mishipa ya shingo imetoka.

"Nitasema," alisema. "Lakini usisimame hapo ukinihesabia maneno."

Niliinua ndoo yangu niondoke. Akanishika mkono wa sweta.

"Ngoja. Kaa." Aliisukuma sahani mpaka ikafika mbele yangu. Ilikuwa imebaki kangumu moja nzima. "Maliza hii. Ikibaki hapa nitaila. Nikiila nitakuwa mgonjwa. Na nikiwa mgonjwa, najijua mimi, nitakusema wewe tena."

Nilikaa. Niliivunja, ikalia vizuri kuliko yangu, na nilipoitafuna nilielewa ni kwa nini mtu angesafiri mpaka huku kila siku ya soko. Sikumwambia. Alinitazama nikitafuna, hakupepesa jicho, mpaka kipande cha mwisho.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua mdomo nione."

Nikafungua.